Jino la kupandikiza: kabla ya kuuza ng'ombe, fanya hesabu hii

Swali moja hurudi karibu kila mara tunapozungumzia afya ya kinywa hewani: jino likishang'olewa, linaweza kurudi? Jibu fupi ni kwamba jino la mtu mzima haliotiki tena, lakini pengo linaweza kujazwa. Kati ya njia za kulijaza, ipo moja ambayo siku hizi inatangazwa sana kwenye simu: jino la kupandikiza. Picha zake zinavutia. Picha ya kwanza ina pengo, ya pili ina meno kamili. Kisichoonekana ni miezi iliyopita kati ya picha hizo mbili, safari zilizosafiriwa na fedha zilizotumika.

Kwa msikilizaji wa Kayanga, Nyaishozi, Nkwenda au Murongo, hayo yasiyoonekana ndiyo yenye uzito zaidi. Katika makala hii tunaeleza jino hilo ni nini, mgonjwa anapitia nini, gharama inajengwa na vitu gani, na kwa nini watu wengi wenye pengo la gego hawalazimiki kulitafuta.

Jino la kupandikiza ni nini?

Jino la asili lina sehemu mbili: ile unayoiona mdomoni, na mzizi uliozama ndani ya mfupa wa taya. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua hurudisha sehemu ya juu tu. Jino la kupandikiza hurudisha na mzizi. Daktari hutoboa tundu jembamba kwenye mfupa wa taya na kuingiza humo skrubu ndogo ya madini ya titaniamu, yenye urefu wa kama sentimita moja. Baadaye juu ya skrubu hufungwa kiungo kifupi, na juu ya kiungo huvikwa kofia yenye umbo na rangi ya jino.

Siri iko kwenye titaniamu. Miaka ya 1950, mtafiti wa Sweden aitwaye Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mifupa ya sungura kwa kifaa kilichotengenezwa kwa madini hayo. Alipotaka kukitoa, alikuta kimeshikana na mfupa. Mwaka 1965 alimpandikizia meno mgonjwa wa kwanza, na meno hayo yalifanya kazi hadi mgonjwa huyo alipofariki mwaka 2006, miaka zaidi ya 40 baadaye.

Kwa hiyo kazi kubwa haifanywi na daktari peke yake. Inafanywa na mfupa wa mgonjwa, polepole, ukikua na kuishika skrubu. Ni kama mche wa kahawa: ukiutikisa kila siku kuangalia kama umeshika, hautashika.

Mgonjwa anapitia nini?

Siku ya kwanza ni ya uchunguzi. Daktari anaangalia kinywa chote, anapiga picha ya eksirei ya taya, na anauliza magonjwa uliyonayo na dawa unazotumia. Picha ni ya lazima, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kama mfupa uliobaki ni mnene wa kutosha, na mishipa ya fahamu ya taya la chini inapita wapi. Anayekuambia atapandikiza bila picha, muage na uondoke.

Kisha hutibiwa yaliyopo. Fizi zinazotoka damu husafishwa, meno yaliyotoboka huzibwa, yenye usaha hushughulikiwa. Skrubu ikiwekwa kwenye kinywa chenye uchafu na maambukizi, hatari ya kushindwa ni kubwa. Kama jino limeng'olewa karibuni, mara nyingi utaambiwa usubiri wiki au miezi kadhaa kidonda kipone na mfupa ujijaze.

Siku ya upasuaji unachomwa sindano ya ganzi, kama ile ya kung'olea jino. Uko macho na unasikia kila kinachosemwa. Unahisi mtikisiko wa mashine na maji yanayopozwa mdomoni, lakini hupaswi kuhisi maumivu makali. Ukiyahisi, inua mkono, ganzi iongezwe. Jino moja kwa kawaida halichukui zaidi ya saa moja. Ufizi unashonwa na unaruhusiwa kwenda.

Siku mbili hadi tatu zinazofuata ndizo za uvimbe. Shavu linajaa, na dawa ya maumivu uliyoandikiwa inahitajika. Siku ya kwanza kanda shavu kwa kitambaa cha maji baridi, kula uji na ndizi laini zilizopoa, wala usiteme mate kwa nguvu wala kusukutua. Kuanzia siku ya pili unaweza kusukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Acha pombe na sigara. Kahawa ya kutafuna, muwa na mahindi ya kuchoma visubiri. Nyuzi hutolewa baada ya siku 7 hadi 10, isipokuwa zile zinazoyeyuka zenyewe.

Uvimbe unaozidi baada ya siku ya tatu, homa, usaha, au mdomo na kidevu kubaki na ganzi hadi kesho yake, ni dalili za kumpigia daktari simu mara moja.

Baada ya hapo ni kusubiri. Kwa kawaida mfupa huchukua miezi 3 hadi 6 kuishika skrubu. Wakati huo pengo bado lipo, au umepewa jino la muda la kuvaa. Daktari akiridhika kwamba imeshika, anafunga kiungo na kuchukua vipimo vya kofia. Unarudi tena kuvikwa jino lenyewe, na baadaye unarudi kuangaliwa. Kutoka uchunguzi hadi kutafuna ni nusu mwaka au zaidi.

Je, hushika kila mara? La, ila mara nyingi. Kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri na anayesafisha kinywa, zaidi ya skrubu 9 kati ya 10 bado hufanya kazi baada ya miaka 10. Hata hivyo zile chache zinazoshindwa ni za watu, na kwao fedha imekwenda. Ndiyo maana swali la nani anagharamia kurudia lazima liulizwe kabla ya kulipa.

Gharama: bei ya jino na bei ya safari

Bei ya jino moja la kupandikiza huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi. Sababu ziko wazi. Skrubu na viungo vyake hutengenezwa nje ya nchi, katika nchi kama Uswisi, Sweden, Korea Kusini na Israel, kwa hiyo bei hufuata thamani ya dola. Kofia hutengenezwa na fundi wa maabara ya meno. Daktari naye anahitaji mafunzo ya ziada na mashine maalumu.

Tahadhari ya kwanza: bei inayotangazwa huweza kuwa ya skrubu peke yake. Kiungo, kofia, picha, dawa, jino la muda na kuongeza mfupa ikihitajika vinaweza kuwa na bei zake. Ukitajiwa namba, uliza: "Hiyo ni hadi nitakapotafuna?"

Tahadhari ya pili inatuhusu sisi tunaoishi mbali. Huduma hii imejikita katika miji mikubwa. Kliniki nyingi ziko Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Ukisikia kuna daktari anayeifanya Mwanza au Bukoba, piga simu kwanza uthibitishe kabla ya kupanda basi. Na hii si safari moja. Kuna uchunguzi, upasuaji, kutoa nyuzi, kupima kofia, kuvikwa na kuangaliwa, yaani safari 5 au 6 kama kila kitu kinakwenda vizuri.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi, malazi na chakula vinakugharimu shilingi 150,000 kwa safari moja. Safari 6 ni shilingi 900,000. Ukisindikizwa siku ya upasuaji, ongeza. Siku ambazo hukuwa shambani au dukani nazo zihesabu. Badilisha namba hizi uweke zako, kisha jumlisha na bei ya jino. Hiyo ndiyo bei yako halisi.

Wapo wanaovuka mpaka kwenda Kampala kupitia Mutukula au Murongo. Hilo linawezekana, lakini hesabu na safari za kurudi. Skrubu ikilegea mwezi wa nane, daktari wako yuko nchi nyingine.

Kuhusu bima, usiende ukidhani kadi italipa. Bima nyingi duniani huliweka jino la kupandikiza nje ya huduma wanazogharamia. Uliza ofisi ya bima yako kabla ya kusafiri, na uulize pia kuhusu kuziba jino na meno ya bandia ya kawaida, kwa sababu majibu yanaweza kutofautiana.

Na hapa tuseme wazi. Kuuza kahawa ikiwa ingali maua, ile butura tunayoijua wote, ili kupata fedha ya jino, ni kulipa jino mara mbili. Jino hili si la dharura. Linaweza kusubiri msimu, likasubiri bei nzuri, likasubiri ada za watoto zilipwe kwanza.

Je, kila pengo lazima lijazwe?

Hapa pana habari njema, na imetoka hapahapa Tanzania. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa wataalamu wa Muhimbili wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Nijmegen, Uholanzi. Waliwauliza mamia ya Watanzania wazima, wengi wao wakiwa wamepoteza magego, jinsi wanavyotafuna vyakula vya kawaida.

Walichokuta ni hiki: aliyebaki na meno yote ya mbele na magego madogo yote, pamoja na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana juu na chini, hutafuna vya kutosha. Malalamiko makubwa, hasa kwa vyakula vigumu, yalikuwa kwa waliopoteza karibu magego yote, hata yale madogo.

Mtu mzima akiwa na meno yote ana 32. Maana ya utafiti huo kwa lugha ya nyumbani ni kwamba kinywa kina akiba. Ukikosa gego moja au mawili ya nyuma, huku mengine yanakutana vizuri, bado utakula ndizi, maharage na nyama bila shida. Pengo ambalo halionekani ukicheka na halikusumbui ukila, linaweza kuachwa lilivyo. Daktari mwaminifu atakuambia hivyo.

Ni kweli kwamba meno ya jirani yanaweza kuegemea pengo, na lile la upande wa pili likashuka au kupanda kidogo. Ni kweli pia kwamba mfupa wa mahali pa pengo hupungua, zaidi katika mwaka wa kwanza. Kwa hiyo anayejua kwamba atapandikiza asikae miaka mingi, maana mfupa ukiisha itabidi uongezwe, na hiyo ni gharama nyingine. Lakini kuegemea huko si kwa kila mtu, na mara nyingi hakuleti shida.

Hesabu hubadilika katika hali mbili. Ya kwanza ni jino la mbele. Kijana anayeficha mdomo kwa mkono akizungumza, au anayekwepa kazi ya kukutana na watu, ana shida ya kweli hata kama anatafuna vizuri. Ya pili ni mapengo mengi, hasa ya pande zote mbili, mtu anapoanza kuacha vyakula kwa sababu hawezi kuvitafuna. Hao wanahitaji meno. Lakini hata wao wana njia zaidi ya moja.

Njia nyingine za kujaza pengo

Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua ndiyo nafuu kuliko zote. Hutengenezwa kwa vipimo vya kinywa chako, huhitaji safari chache, na yanaweza kujaza pengo moja au kinywa chote. Udhaifu wake ni kwamba huchukua muda kuzoeleka, na nguvu ya kutafuna si kama ya jino la asili. Yavue usiku, yasugue kwa brashi na sabuni ya kawaida, yaweke kwenye maji safi. Yakilegea au kukukwaruza, yarudishe yakarekebishwe. Usiyabandike kwa gundi ya dukani.

Njia ya pili huitwa daraja. Meno mawili ya kando ya pengo huchongwa na kuvikwa kofia, na jino la bandia huning'inia katikati yake. Halivuliwi na hakuna upasuaji. Hasara yake ni kwamba meno mazima huchongwa, na yakiharibika, daraja lote linaanguka.

Jino la kupandikiza linakuja baada ya hizo. Uzuri wake ni kwamba haligusi meno ya jirani, halivuliwi, na hutafuna karibu sawa na la asili. Ukiwa na uwezo na sababu, ni chaguo zuri. Asiye na uwezo asidhani kwamba amebaki bila tiba.

Nani asubiri kwanza?

Vijana walio chini ya miaka 18 hawapandikizwi kwa kawaida, kwa sababu taya bado linakua na jino litabaki nyuma. Mjamzito asubiri ajifungue. Mwenye kisukari ambacho sukari yake haijadhibitiwa aidhibiti kwanza. Mvuta sigara ana hatari kubwa zaidi ya skrubu kukataa. Aliyepigwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni, au anayetumia dawa za kuimarisha mifupa, lazima aseme mapema, kwa sababu taya lake linaweza kushindwa kupona. Anayeishi na VVU na anatumia dawa zake vizuri hazuiliwi kwa sababu hiyo peke yake. Amweleze daktari ili amhudumie kwa usahihi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Andika maswali haya kwenye karatasi au kwenye simu yako:

1. Je, wewe ni daktari wa meno uliyesajiliwa? Madaktari wa meno Tanzania Bara husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kuomba kuona usajili si utovu wa adabu.

2. Je, kwa kinywa changu nahitaji kweli jino hili? Nikiliacha pengo, itakuwaje?

3. Bei yote hadi nitakapotafuna ni kiasi gani? Naomba iandikwe.

4. Nitakuja mara ngapi, na ni safari zipi zinazoweza kuunganishwa? Kuna kazi, kama kutoa nyuzi, ambayo huenda ikafanywa hospitali ya karibu na nyumbani kwa barua ya daktari.

5. Skrubu isiposhika, nani atagharamia kurudia?

6. Skrubu ni ya kampuni gani, na ukubwa gani? Omba kadi au karatasi yenye jina hilo na uitunze pamoja na vyeti vyako. Kila kampuni ina vifaa vyake vya kufungulia. Kiungo kikilegea miaka mitano baadaye na hujui kampuni, daktari mwingine anaweza kushindwa kukusaidia.

Ukishapandikizwa, kumbuka kwamba skrubu haitoboki lakini fizi zinazoizunguka zinaugua. Piga mswaki mara mbili kwa siku, safisha katikati ya meno, na uangaliwe angalau mara moja kwa mwaka. Skrubu yenyewe ikitikisika, usisubiri.

Jino la bei nafuu ni lile ambalo halijang'olewa

Mapengo mengi ya vijijini kwetu yalianza na kitundu kidogo. Mtu alisikia ubaridi akinywa maji, akavumilia. Likauma usiku, akameza dawa. Miezi ikapita, likavimba, na alipofika hospitali kilichobaki ni kung'oa. Kitundu kile kikizibwa mapema ni kazi ya siku moja. Hata jino lililokwisha kuoza hadi ndani wakati mwingine huokolewa kwa kusafisha na kuziba mzizi. Kabla hujakubali kung'olewa, uliza: "Linaweza kuzibwa? Kama si hapa, wapi?" Kulifuata jino Bukoba likiwa bado lipo ni nafuu kuliko kulifuata Dar es Salaam likiwa limekwenda.

Kuna na pengo linalotokana na ajali ya bodaboda, mpira au kuanguka. Jino la ukubwani likitoka zima, usilitupe. Lishike sehemu nyeupe ya juu, usiguse mzizi. Kama lina udongo, lisuuze sekunde chache bila kulisugua. Lirudishe kwenye tundu lake, uume kitambaa safi kulishikilia. Ukishindwa, litie kwenye kikombe cha maziwa mabichi ambayo hayajachacha, uende nalo hospitali mara moja. Likirudishwa ndani ya nusu saa hadi saa moja, lina nafasi nzuri ya kushika tena. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda. Jino la utoto halirudishwi, lakini mtoto apelekwe akaangaliwe.

Maziwa hayakosekani Karagwe na Kyerwa. Mwambie dereva wa bodaboda unayemfahamu, mwalimu wa michezo, na jirani mwenye watoto wakubwa. Kikombe kimoja cha maziwa kinaweza kuiokolea familia mamilioni.